Meza Bila Mpishi: Vyombo vya Chakula, Ughaibuni na Urithi katika Sanaa ya Lubaina Himid

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya vyombo vya chakula katika sanaa ya Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza. Usomaji uliozoeleka wa sanaa ya ughaibuni hukichukulia chakula kuwa daraja la kurudia nyumbani: anayepika chakula cha mababu amekwisha kuupata urithi wake. Makala yanadai kwamba sanaa ya Himid inaupinga usomaji huo. Katika kazi zake sahani zipo lakini chakula hakipo, na pengo hilo humlazimisha mtazamaji kuuliza ni nani aliyepika. Swali hilo linarejeshwa kwanza Makunduchi, ambako mwaka mpya wenye asili ya Uajemi huadhimishwa kwa karamu ya pamoja, kisha Katavi, mkoa wa bara ambako biashara ya watumwa ilipita. Inahitimishwa kwamba mbinu ya Himid ni pana kuliko mipaka aliyoiwekea mwenyewe, na kwamba upishi wa pamoja hauwezi kuitwa urithi pasipo kuhesabu kazi ya waliopika.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyehama huweza kupoteza lugha katika kizazi cha pili na mavazi katika kizazi cha kwanza, lakini ladha ya chakula cha kwao hudumu. Kwa sababu hiyo jiko limekuwa mahali muhimu pa kazi kwa wasanii wa ughaibuni. Marjane Satrapi, aliyezaliwa Rasht nchini Iran mwaka 1969 na kuhamia Ufaransa, alikipa kitabu chake cha picha cha mwaka 2004 jina la chakula cha Kiirani: Poulet aux prunes, yaani kuku wa plamu. Michael Rakowitz, msanii wa Marekani mwenye asili ya Wayahudi wa Iraki, alianza mwaka 2003 mradi wa Enemy Kitchen, ambamo mapishi ya Baghdad aliyoyakusanya pamoja na mama yake yalifundishwa kwa vijana wa New York wakati nchi yao ikipigana vita Iraki. Katika mji wa Pittsburgh, mradi wa Conflict Kitchen ulioasisiwa mwaka 2010 na Jon Rubin na Dawn Weleski uliuza vyakula vya nchi ambazo Marekani ilikuwa na mgogoro nazo, na nchi ya kwanza ilikuwa Iran.

Miradi hii inatofautiana kwa nia na kwa matokeo. Pamoja na hayo, uhakiki wake huelekea kuirudia hoja moja: kwamba kula pamoja huvunja uadui na kurejesha utambulisho. Hoja hiyo ina ukweli, ila haijitoshelezi. Satrapi mwenyewe anaidokeza kasoro yake. Mhusika wake mkuu, mpiga tari Nasser Ali Khan, anaamua kufa baada ya ala yake kuvunjwa, na chakula akipendacho kuliko vyote hakimwokoi. Anafariki baada ya siku nane. Ladha ya nyumbani inaweza kuwapo mezani na bado isimrudishe mtu kwake.

Makala haya yanaichukua hoja hiyo hadi kwa msanii wa ughaibuni mwenye asili ya Afrika Mashariki, kwa kuuliza maswali mawili. Kwanza, vyombo vya chakula vinafanya kazi gani katika sanaa ya Lubaina Himid? Pili, kazi hizo zinasomekaje zinapotazamwa kutoka Tanzania, hasa kutoka bara? Swali la pili linahitaji ufafanuzi. Himid husomwa zaidi kutoka Uingereza, na pengine kutoka Zanzibar. Mtazamaji wa London humwona msanii Mweusi anayeikosoa himaya ya Kiingereza. Mtazamaji wa Unguja humwona binti wa visiwani. Mtazamaji aliye Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, anasimama mahali pengine. Kwake pwani ndiyo mwisho wa njia zilizotoka bara, na kwa muda mrefu njia hizo zilipitisha watu waliokwenda pasipo hiari. Makala yanadai kwamba mtazamo huo unaonyesha jambo ambalo mitazamo mingine miwili hailionyeshi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Stuart Hall, ambaye katika insha yake ya mwaka 1990 kuhusu utambulisho wa kitamaduni na diaspora aliutazama utambulisho kuwa jambo linaloendelea kutengenezwa, si kitu kilichokamilika kinachongoja kufukuliwa. Kwa mtazamo huo, msanii wa ughaibuni hana nyumba iliyofungwa ambayo ufunguo wake ni pishi la bibi. Anachokifanya ni kuutunga uhusiano wake na nyumba hiyo kwa zana alizonazo.

Wazo la pili linatokana na mjadala kuhusu ujumi wa mahusiano. Nicolas Bourriaud, katika kitabu chake cha mwaka 1998, aliwatetea wasanii ambao malighafi yao ni mahusiano ya watu. Mfano uliorudiwa sana ni wa Rirkrit Tiravanija, aliyewapikia watu chakula cha Kithai ndani ya majumba ya sanaa ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 Claire Bishop aliuhoji mtazamo huo kwa kuuliza ni mahusiano ya namna gani yanayozalishwa, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Kwa maoni yake, mkusanyiko wa watu wanaofanana wanaokula kwa furaha si lazima uwe tendo la kidemokrasia.

Swali la Bishop linafaa kuongezewa lingine linalotokana na maisha ya Waswahili wenyewe. Katika shughuli ya arusi au ya hitima, mlo wa sinia ni sehemu ya mwisho ya kazi ndefu. Kabla yake kuna kuchota maji, kuchanja kuni, kuchambua mchele, kumenya vitunguu na kukuna nazi. Baada yake kuna kusugua masufuria. Mgeni anayeketi jamvini haoni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo ujamaa unaoonekana katika sinia unategemea mgawanyo wa kazi usioonekana, na mgawanyo huo una jinsia, una umri, na katika historia ya pwani ulikuwa na tabaka la watu huru na watumwa. Mhakiki anayekitazama chakula bila jiko amelitazama jambo nusu.

3.0 Sahani za Lancaster

Himid aliondoka Zanzibar akiwa mtoto wa miezi minne, baada ya kifo cha baba yake. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, alirudi naye Uingereza. Kumbukumbu ya ladha ya nyumbani, ambayo hadithi nyingi za ughaibuni huanza nayo, haiwezi kuwa mwanzo wa hadithi hii. Mtoto wa umri huo hana pilau wala mchuzi wa kuukumbuka. Alichokulia ni vitambaa, ruwaza na rangi. Jambo hili linaeleza kwa nini katika sanaa yake urithi huingia kupitia uso wa vitu, yaani kitambaa, karatasi, ubao na sahani, badala ya kupitia ulimi.

Kazi inayohusika zaidi na hoja hii ni Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service ya mwaka 2007. Ni seti ya vyombo 100 vya mezani, zikiwamo sahani, majagi na mabakuli ya supu yenye vifuniko. Himid alivinunua vikiwa vyombo vilivyokwisha kutumika, kisha akachora juu yake huku mapambo ya awali yakiachwa yaonekane hapa na pale. Kazi hiyo ilionyeshwa katika Judges' Lodgings, nyumba ya makumbusho mjini Lancaster, katika mwaka wa kuadhimisha miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa. Mahali hapo palikuwa na maana. Lancaster ilikuwa bandari ya nne nchini Uingereza kwa ukubwa wa biashara hiyo, na samani za kampuni ya Gillow zilizoupa mji huo sifa zilitengenezwa kwa mbao za mahogani zilizotoka visiwa vya Karibi.

Picha zilizochorwa zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kuna meli, ramani na majengo ya mji. Kuna nyuso za watumishi Weusi, zilizochorwa kwa utulivu na heshima. Na kuna mabwana na mabibi Wazungu wenye mavazi ya fahari, baadhi yao wakitapika. Jina la kazi linayaunganisha makundi hayo, kwa kuwa linamwambia mtazamaji ameze kwa nguvu, kama anayemeza kitu kisichotaka kushuka. Mabwana wameshindwa kumeza, wamekirudisha walichokula. Himid ameugeuza mwili wa tajiri kuwa ushahidi dhidi yake: sukari, chai na ramu zilizoingia tumboni zinarudi mezani na gharama yake.

Umbo la kazi linaongeza maana. Rangi imepakwa mahali ambapo chakula kingewekwa. Chombo kilichotengenezwa kupokea chakula sasa kimejaa historia, na hakuna nafasi iliyobaki. Hapo ndipo Himid anapoachana na Tiravanija na Rakowitz. Wao huwaalika watu wale. Yeye ametandika meza ambayo hakuna awezaye kula juu yake. Wao hutumia mlo kupunguza umbali baina ya wageni. Yeye hutumia vyombo kuukataza ukaribu wa haraka. Mtazamaji wa Lancaster hapewi nafasi ya kupatanishwa na historia ya mji wake kwa kijiko kimoja cha chakula kitamu.

Mbinu hiyo aliiendeleza mwaka 2010 katika Jelly Mould Pavilions, kazi aliyoifanya kwa ajili ya Liverpool. Alichora juu ya vyombo vya kauri vya kugandishia jeli, akavipendekeza kama vielelezo vya mabanda ya kuwaenzi watu wenye asili ya Afrika walioujenga mji huo. Jeli ni kitamutamu cha sukari, na sukari ndiyo iliyoitajirisha bandari hiyo kwa jasho la watumwa. Chombo cha jikoni kimekuwa jengo la kumbukumbu. Inafaa kuzingatiwa kwamba kwa mara nyingine kilichochaguliwa ni kile kinachokipa chakula umbo, wala si chakula chenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza liko wazi. Vyombo vya chakula katika sanaa ya Himid hufanya kazi ya mahakama kuliko kazi ya jamvi. Vinaita mashahidi, vinaonyesha faida ilikwenda wapi, na vinaacha hukumu kwa mtazamaji.

4.0 Jina, Kazi na Kanga

Miaka mitatu kabla ya sahani za Lancaster, Himid alitengeneza Naming the Money (2004), iliyoonyeshwa kwanza katika jumba la Hatton mjini Newcastle. Ni watu 100 wa ubao, wenye urefu wa binadamu, wanaowakilisha Waafrika waliopelekwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Kila mmoja amepewa jina alilozaliwa nalo na jina alilobandikwa, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi anayolazimishwa kuifanya ugenini, pamoja na kitu kidogo kinachomfariji. Mtazamaji hutembea katikati yao kama mtu anayepita sokoni, ila safari hii bidhaa ndizo zinazozungumza.

Watu hao wamegawanywa katika fani 10: wafinyanzi, waganga wa mitishamba, watengeneza vinyago vya watoto, wafunza mbwa, wapiga fidla za kale, wapiga ngoma, wachezaji wa ngoma, washona viatu, wachora ramani na wachoraji. Uhakiki makini hauna budi kuiona fani isiyotajwa. Wafinyanzi wapo, maana yake watengeneza vyungu wapo, wapishi hawapo. Katika majumba yaliyolisha mamia ya watu kila siku, mpishi hakupewa ubao wake. Huenda Himid alichagua fani zenye ustadi unaoonekana ili kuwatetea watumwa dhidi ya dhana kwamba walikuwa nguvu tupu isiyo na akili. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba kazi ya jikoni inaachwa nje ya orodha ya ustadi. Pengo hili litarejewa katika sehemu ya sita.

Uhusiano wa Himid na Zanzibar unaonekana wazi zaidi katika kanga. Baada ya kurudi visiwani mwishoni mwa miaka ya 1990 alichora mfululizo ulioitwa Zanzibar (1999), wenye picha zinazoelekea udhahania na kuegemea rangi na ruwaza. Baadaye alichora mifululizo inayofuata umbo la kanga, ikiwamo Kangas from the Lost Sample Archive. Kanga ya Kiswahili ina pindo, mji na jina. Kwamba maandishi ya kanga huitwa jina ni jambo lenye uzito hapa. Msanii aliyewarudishia watumwa wa Ulaya majina yao anarudi kwenye kitambaa ambacho hakikamiliki pasipo jina. Lakini majina anayoyaweka huwa ya Kiingereza, mara nyingi yakitoka kwa waandishi Weusi. Mwanamke wa Unguja huvaa kanga yenye methali ili kumjibu jirani bila kufungua kinywa; kanga ya Himid huning'inizwa ukutani kuzungumza na historia. Huu si upotoshaji. Ni mfano wa utambulisho kama Hall alivyouelewa, yaani kutunga uhusiano mpya kwa zana zilizopo, pamoja na kukubali kwamba kuna kilichopotea njiani.

5.0 Nairuzi ya Makunduchi na Mlango wa Jiko

Ili kuona Himid alichokichukua na alichokiacha, inafaa kutazama jinsi urithi uliotoka mbali ulivyohifadhiwa kwa chakula cha pamoja katika kisiwa alichozaliwa. Katika kijiji cha Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kila mwaka mwezi Julai. Wanaume hupigana kwa vipande vya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka uliopita, banda la makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, kisha watu hula. Jina lake jingine, Nairuzi, linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na hesabu yake hufuata mwaka wa jua tofauti na kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi. Wenyeji huamini kwamba siku hiyo haifai mtu kukosa mgeni wa kula naye.

Hapa pana kisa cha kweli cha urithi wa Iran ulioingia katika utambulisho wa watu wa Afrika Mashariki, nacho kinatofautiana na visa vya Pittsburgh na Paris. Watu wa Makunduchi hawakuhifadhi pishi la Shiraz. Walichokihifadhi ni wajibu wa kukaribisha. Lugha nayo ina alama zake: pilau, biriani na sambusa ni maneno yenye asili ya Kiajemi, mengine yakiwa yamepitia Bara Hindi, lakini hakuna mpishi wa Unguja anayedhani kwamba anapika chakula cha kigeni. Urithi umekuwa wa wenyeji kwa sababu umefanyiwa kazi kwa mikono ya wenyeji.

Mikono hiyo ni ya nani? Madai ya asili ya Shirazi yana historia ndefu. Masimulizi ya Kilwa yanamtaja mwana wa mfalme wa Shiraz kuwa mwanzilishi wa mji. Katika karne ya 20 jina la Shirazi liliingia katika siasa, na mwaka 1957 kikaundwa chama cha Afro-Shirazi. Wanahistoria wengi waliona ndani ya madai hayo njia ya kujitafutia hadhi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya utafiti wa vinasaba vya kale vya watu waliozikwa katika miji ya pwani, kutoka Manda na Mtwapa hadi Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 watu wa asili ya Afrika na watu wa asili ya Asia, hasa Uajemi, walichanganyika. Asili ya Kiasia ilitoka zaidi kwa wanaume, na asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kama habari za jiko. Baba alikuja na jina la mji wake, na jina hilo likaingia katika masimulizi ya wafalme. Mama alikuwapo tayari, na jina la kwao halikuandikwa. Aliyepika ni mama, kwa nazi na samaki wa nchi yake. Hali hiyo ilijirudia katika enzi ya masultani. Hamamu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mke wake Mwajemi, zimesimama hadi leo na wageni huelezwa habari za binti huyo wa kifalme. Waliomchotea maji na kumpikia hawakuachiwa jiwe.

Hivyo Makunduchi na Lancaster zinaangaziana. Makunduchi inaonyesha kwamba chakula cha pamoja kinaweza kubeba urithi kwa karne nyingi. Lancaster inafundisha kuuliza swali ambalo karamu husahaulisha. Palipo na karamu pasipo swali hubaki fahari ya nasaba, na palipo na swali pasipo karamu hubaki sahani zilizokauka.

6.0 Kutoka Katavi

Swali la nani alipika linapata uzito zaidi linapoulizwa kutoka bara. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitegemea watumwa waliotoka mbali, pamoja na maeneo ya Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Mkataba wa mwaka 1873 ulilifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani ilidumu hadi mwaka 1897. Meza za majumba ya Mji Mkongwe, zenye sahani za kauri za China na Ulaya, ziliandaliwa katika uchumi huo. Kwa hiyo kulikuwa na seti nyingine ya vyombo, ya Bahari ya Hindi, ambayo Himid hakuichora alipotandika meza ya Lancaster.

Ushahidi wa historia hiyo umo ndani ya mkoa wa Katavi wenyewe. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilianzishwa kuwa kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Wamisionari hao waliwakomboa watumwa na kuwapa makazi karibu na kituo. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na kupelekwa kusomea udaktari Malta. Aliwahudumia watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, na simulizi ya maisha yake ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maisha yake yana kila kitu ambacho Himid aliwapa watu wake wa ubao: jina, kazi aliyonyimwa na kazi aliyoipata ugenini. Lakini Atiman ni mmoja. Waliokombolewa na kulima, kutwanga na kupika Karema hawakuandika simulizi.

Katavi pia inapanua maana ya ughaibuni. Katika fasihi na sanaa ya Afrika Mashariki neno hili huelekezwa kwa walioondoka kwenda Ulaya au Ghuba. Katavi ni mahali ambapo watu wamefika. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo kuanzia mwaka 1978. Wengi wa watu wa makazi hayo wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kilichotokana na utafiti wa Mishamo na mji wa Kigoma, alionyesha kwamba waliokaa makazini waliishikilia na kuisimulia upya historia ya uhamisho wao, ilhali wengi wa waliokaa mjini walichanganyika na majirani na kujitambulisha kwa namna nyingi. Huko Mpimbwe, Wapimbwe na Wasukuma waliohamia na mifugo yao tangu miaka ya 1970 wanaishi bonde moja. Katika mazingira hayo chakula cha pamoja ni sehemu ya majadiliano ya kila siku kuhusu ardhi, ndoa na ujirani. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inasema jambo ambalo ujumi wa mahusiano haujalisema vizuri: ukarimu wa kweli humwingiza mgeni katika kazi, na ndani ya kazi ndimo anamopata kuwa mwenyeji.

Kwa mtazamo huo, pengo lililoonekana katika Naming the Money linaeleweka vizuri zaidi. Himid amemtetea mtumwa kama msanii na fundi, na amemshtaki bwana kama mlaji. Katikati ya fundi na mlaji kuna mpishi, na huyo hajachorwa. Vivyo hivyo, katikati ya Lancaster na Zanzibar kuna bara, nalo halijachorwa.

Inaweza kupingwa kwamba msanii hadaiwi kuchora kila kitu, na kwamba binti aliyeondoka Unguja kabla ya kutambaa hawezi kubebeshwa mizigo ya Ziwa Tanganyika. Pingamizi hilo ni la haki. Himid alizungumza na jamii iliyomlea, akaikabili kwa historia yake yenyewe. Ni tendo la ujasiri, na ilichukua muda mrefu kulitambua. Tuzo ya Turner aliipata mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 63, baada ya sharti la umri kuondolewa, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Uhakiki huu haumdai kazi nyingine. Unadai kwamba njia aliyoionyesha isiishie alipoiishia yeye. Msomaji wa Tanzania anayezisifu sahani za Lancaster kwa kuwaumbua Waingereza, kisha akaisifu meza ya pwani pasipo swali lolote, ameikubali hukumu na kuikataa sheria iliyoitoa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika sanaa ya Lubaina Himid vyombo vya chakula havimrudishi msanii nyumbani. Vinaizuia faraja ya haraka ili swali la kazi na faida lisikike. Aidha, yameonyesha kwamba Nairuzi ya Makunduchi inathibitisha uwezo wa mlo wa pamoja kuufanya urithi wa mbali kuwa wa wenyeji, lakini mlo huo nao huficha majina ya waliouandaa. Mwisho, yameonyesha kwamba kutazama kutoka Katavi kunaifichua mipaka ya kazi za Himid: mpishi na bara vyote vimebaki nje ya picha.

Matokeo haya yana maana kwa watafiti na kwa waandaaji wa matamasha ya utamaduni nchini. Chakula cha asili kinapowekwa mezani kwa jina la urithi, maelezo yake hayana budi kufika jikoni: nani alilima, nani alitwanga, nani alipika, na kwa hali gani. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu masimulizi ya wapishi katika makazi ya Katumba na Mishamo, katika vijiji vya Mpimbwe na katika nyumba za Mji Mkongwe, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka. Kazi hiyo inaweza kuanzia Kasansa sawasawa na inavyoweza kuanzia London, maana sahani ya Lancaster na sufuria ya Mpimbwe zinadai jibu la swali lile lile.